"Yameisha" Isiyoisha: Uchambuzi wa Kisa cha Msamaha Uliotangulia Wakati Wake

Simu inaita. Jina la mdogo wake linaonekana kwenye kioo. Anaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, anangoja iache kuita, kisha anaendelea kukunja nguo. Dakika arobaini baadaye bado anabishana na mdogo wake kichwani, na katika ubishi huo yeye ndiye anayeshinda kila mara.

Mwanamke huyu ana miaka 41. Kisa chake kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, kwa kuunganisha mambo yanayojirudia kwenye vyumba vya ushauri nasaha. Si maisha ya mtu mmoja anayeweza kutambulika. Tutamwita mteja. Alichosema katika kikao cha kwanza, kabla hata hajakaa vizuri, ni hiki: "Nilishamsamehe. Sielewi kwa nini bado naumia."

Kwa miaka mitatu mteja alimuuguza mama yake kitandani. Mdogo wake aliishi mbali na alipiga simu kila Jumapili. Mama alipofariki, mdogo mtu alifika siku iliyofuata. Jioni hiyo msibani, mbele ya jamaa karibu ishirini, alisema: "Mama angeangaliwa vizuri, leo tungekuwa naye." Hakutaja jina. Hapakuwa na haja, maana aliyemwangalia mama alikuwa mmoja tu.

Siku nne baadaye shangazi yao aliwakalisha wawili hao. "Yaliyopita si ndwele," alisema, "tugange yajayo." Mdogo mtu alilia, akasema, "Dada, nisamehe kama nilikukwaza." Mteja alimkumbatia, akajibu, "Yameisha, mdogo wangu." Shughuli nzima haikufika dakika kumi. Sasa ni miezi 19.

Dakika kumi hizo zina makosa mawili. La kwanza ni neno "kama". Radhi inayoombwa kwa "kama nilikukwaza" inaliweka tukio lenyewe kwenye shaka: huenda nilikukosea, huenda wewe tu ndiye mwepesi wa kukwazika. Anayeipokea radhi ya namna hiyo anapokea pia swali, na swali hilo analala nalo. La pili ni methali. Si mbaya, ila mara nyingi hutamkwa na mtu asiye na kidonda, na hutamkwa ili kikao kiishe. Ndwele ni ugonjwa. Anayeambiwa kwamba yaliyopita si ugonjwa huku yeye bado anatoka usaha, anajifunza kuficha bandeji.

Mwaka 1998 wanasaikolojia Roy Baumeister, Julie Exline na Kristin Sommer walitenganisha pande mbili za msamaha: ule unaotamkwa mbele ya mtu na ule unaotokea moyoni. Kimoja kinaweza kuwepo bila kingine. Kiswahili kina jina la kutosha kwa uliotamkwa bila kutokea: msamaha wa mdomoni. Ubaya wake kwa mteja huyu haukuwa unafiki. Ubaya ni kwamba alipoteza ruhusa ya kukasirika. Kila hasira ilipopanda, alijishtaki: "Si ulisema yameisha?" Akawa na mizigo miwili, kidonda chenyewe na aibu ya kutopona.

Kupima kwanza

Kikao cha kwanza hakikugusa msamaha hata kidogo. Mshauri aliuliza mambo manne. Je, anayekuumiza bado anaendelea kukuumiza? Je, huzuni imekuwa karibu ya kila siku kwa wiki mbili au zaidi, mpaka hamu ya mambo unayoyapenda imekufa? Je, umewahi kufikiria kujidhuru au kufa? Je, tukio hukurudia kana kwamba linatokea sasa hivi, pamoja na jinamizi na kushtuka-shtuka? "Ndiyo" moja tu ingebadilisha mpango wote: usalama, daktari au mtaalamu wa kiwewe angetangulia, na msamaha ungengoja bila tarehe.

Swali la kwanza ndilo linalorukwa sana, hasa na ndugu wenye haraka ya kupatanisha. Mwaka 2011 James McNulty alichapisha utafiti uliowafuata wanandoa wapya kwa miaka minne ya mwanzo. Kwa wale waliokuwa wepesi kusamehe, ukali na vipigo vya wenzi wao viliendelea kama vilivyokuwa. Kwa wagumu kusamehe, vilipungua. Kumsukuma mtu asamehe huku bado anaumizwa ni kumwondolea kinga. Kwa mteja huyu majibu yote yalikuwa "hapana", ingawa usingizi wake ulikuwa umekatika-katika tangu msibani, na hilo liliandikwa lifuatiliwe.

Baada ya hapo alipewa orodha ya sentensi 12 ya Michael McCullough na wenzake, iliyochapishwa 1998. Kila sentensi hupewa alama 1 hadi 5. Saba hupima hamu ya kumkwepa aliyekukosea, tano hupima hamu ya kisasi. Alipata 31 kati ya 35 kwenye kukwepa, na 9 kati ya 25 kwenye kisasi.

Alama hizo mbili zikisomwa pamoja zinasema kitu. Mteja hatamani mdogo wake apatwe na mabaya, kisasi hakimo. Anachotaka ni kutomwona. Anayekwepa kiasi hicho bila kutaka kulipiza huenda ana mahali anapoogopa kuguswa. Mshauri aliandika swali pembeni mwa karatasi, anaogopa kuguswa wapi, akaliacha kwanza.

Kuhusu mwili: alikuwa anaamka taya likiuma. Charlotte van Oyen Witvliet na wenzake, mwaka 2001, waliwapima wanafunzi 71 walipokumbuka watu waliowakosea. Walipoambiwa washikilie kinyongo, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, jasho la ngozi na mkazo wa misuli ya kati ya nyusi vilipanda kuliko walipowaza kusamehe. Kwa hiyo ubishi wa kichwani wa dakika arobaini ni dakika arobaini za kazi ya mwili, hata kama mikono inakunja nguo.

Kuandika, na jinsi kulivyoharibika

Kazi ya wiki ya pili ilikuwa kuandika. Msingi wake ni majaribio ya James Pennebaker na Sandra Beall ya 1986, ambapo washiriki waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza, tukio pamoja na hisia zake. Mteja alielekezwa dakika 20, siku nne, kwa kalamu na karatasi, bila kujali tahajia, na asimwonyeshe mtu.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili alianza saa nne usiku, akaandika kurasa saba, akaacha saa nane. Hakulala. Siku ya tatu alimgombeza mtoto kwa kikombe kilichovunjika, na akafika kikaoni akiamini kwamba kujitafakari kunamzidishia.

Alikuwa sahihi kuhusu alichokifanya, ila alichokifanya hakikuwa kujitafakari. Ng'ombe hucheua: hukirudisha kinywani chakula kilekile akakitafuna tena. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia miaka mingi akionyesha kwamba kucheua huzuni kwa namna hiyo huirefusha. Kurasa saba za mteja zilipohesabiwa, sentensi "kwa nini alinifanyia vile" ilijitokeza mara kumi na moja, na baada ya ukurasa wa pili hapakuwa na taarifa mpya hata moja.

Marekebisho yalikuwa ya kiufundi. Kengele iwekwe dakika 20, na ikilia kalamu iwekwe chini hata katikati ya neno. Kuandika kuishe angalau saa tatu kabla ya kulala. Sentensi ikijirudia mara ya tatu, aipigie mstari na aiache, kwa sababu hapo ndipo kucheua kumeanza. Swali la "kwa nini" libadilishwe liwe "nini": nini kilisemwa, nini kilinipata mwilini, nini nilitaka kujibu. Baada ya kengele, kutembea dakika kumi.

Mwisho, siku ya nne aandike kwa nafsi ya tatu, kama mtu aliyeketi kwenye kona ya chumba akimwangalia yeye. Mbinu hii inatokana na kazi za Ethan Kross na Özlem Ayduk kuhusu kujitazama kwa mbali. Mteja aliandika: "Yule mwanamke ameshika trei. Amesikia. Ameangalia trei." Sentensi tatu fupi, na kwa mara ya kwanza hakuna "kwa nini" hata moja.

Daftari la deni

Anayesamehe anafuta deni. Lakini hakuna afutaye deni asilolijua kiasi chake, na hapa ndipo mteja na shangazi yake walipokosea zaidi ya yote. Vikao vya tatu na vya nne vilitumika kuandika safu tatu: alichofanya, nilichopoteza, ninachoendelea kulipa mwenyewe.

Safu ya kwanza ina sharti kali: liandikwe lile tu ambalo kamera ingelinasa. Mteja alianza na "alinidhalilisha". Kamera hainasi kudhalilisha. Akaandika tena: "Alisema sentensi moja, amesimama mlangoni, mbele ya watu karibu ishirini, mimi nikiwa nimeshika trei." Kazi hii inachosha na watu huilalamikia, lakini bila hiyo tafsiri zinaingia kwenye safu ya vitendo, na mkosaji anashtakiwa kwa mambo ambayo hakuyafanya. Hilo baadaye huuharibu msamaha wenyewe, kwa kuwa moyo unajua kesi ilitiwa chumvi.

Safu ya tatu ilikuwa fupi: usingizi, mikusanyiko miwili ya familia ambayo hakwenda, picha ya mama iliyotolewa ukutani na kuwekwa kwenye droo kwa sababu mdogo wake yumo.

Safu ya pili ndiyo iliyotoa majibu. Ilikuwa na mistari tisa. Miwili tu ilitokana na sentensi ya msibani: jina lake mbele ya jamaa, na siku yenyewe ya kumlilia mama. Mistari saba ilikuwa ya kabla ya hapo. Jumapili ambazo mdogo wake aliongea na mama dakika kumi na kumwacha mama akimsifu siku nzima. Kazi aliyoiacha. Kutoulizwa hata mara moja, "Na wewe dada, unalala?" Siku ile ya shangazi alikuwa amefuta mistari miwili ya deni lenye tisa, tena bila kuisoma.

Halafu kulikuwa na mstari wa kumi. Uliandikwa, ukakatwa kwa kalamu mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka.

Mstari uliotoboka

Katika kikao cha tano mshauri aliweka kidole pembeni mwa tundu lile na kuuliza, "Hapa paliandikwa nini?"

Wiki sita kabla ya kifo, saa tisa usiku, mama alimwita. Mteja alisikia. Alibaki amelala macho yamefumba, akijifanya hajasikia, mpaka sauti ikakoma. Asubuhi mama alikuwa salama, akaomba afunguliwe dirisha. Hakuna aliyejua, na mteja hakuwahi kumsimulia mtu. Miezi 19 aliyodhani anapambana na uongo wa mdogo wake, alikuwa anapambana na sentensi aliyoiamini nusu.

Mshauri anaweza kuharibu hapa kwa njia tatu, na zote zinavutia. Anaweza kusema, "Usijali, ulikuwa umechoka." Hiyo ni faraja ya bei rahisi, inamwambia mteja kwamba siri yake ni nzito kiasi kwamba hata mtaalamu anakimbilia kuifunika. Anaweza kusema, "Basi kumbe mdogo wako alikuwa na haki kidogo." Huko ni kuchanganya madaftari mawili, maana usiku ule haukuwa sababu ya kifo, na ugonjwa uliomuua mama ulikuwa unajulikana. Au anaweza kukimbilia "jisamehe". Mshauri huyu alinyamaza kwa muda unaokaribia kukera, kisha akageuza ukurasa mpya na kuandika juu yake: "Daftari la pili. Deni langu."

Kujisamehe kuna wa kweli na wa bandia. Lydia Woodyatt na Michael Wenzel wa Australia walieleza tofauti hiyo: wa bandia humfanya mtu ajisikie nafuu kwa kulipunguza kosa au kumsukumia mwingine lawama, wa kweli hupitia kulikubali kosa kwanza, na kwa muda huo humwumiza zaidi. Kwa hiyo mteja alionywa mapema kwamba wiki mbili zijazo huenda zikawa nzito kuliko zilizopita. Onyo hilo ni sehemu ya tiba. Asiyeonywa hudhani amekosea njia, akaacha.

Kwanza kosa lilipewa ukubwa wake. Miaka mitatu ni usiku 1,095 hivi. Kwa makadirio yake aliamka mara mbili kila usiku, yaani zaidi ya mara 2,000. Hesabu hii haikutolewa ili kuufuta usiku ule mmoja, na mshauri alilisema hilo waziwazi. Ilitolewa kwa sababu kichwani mwa mteja usiku mmoja ulikuwa umevimba ukameza miaka mitatu.

Pili, hatia ilitenganishwa na aibu. Hatia husema "nilifanya kitu kibaya" na inaelekea kwenye kutengeneza. Aibu husema "mimi ni mbaya" na inaelekea kwenye kujificha. Mteja aliagizwa, kwa siku saba, kila "mimi ni mtu wa aina gani" inapomjia, aibadilishe iwe sentensi yenye tarehe, saa na kitendo. Kazi ndogo, lakini ilimshinda siku mbili za mwanzo.

Tatu, barua kwa mama, ukurasa mmoja: nilichofanya, kilikugharimu nini, kilichokuwa kinanielemea, ninachofanya sasa. Mpangilio huo una maana yake. Kinachoelemea kikitangulia, barua inakuwa utetezi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "lakini" tano. Alizikata zote, na sentensi tatu zikaanguka zenyewe kwa kukosa cha kuegemea. Rasimu ya pili aliisoma kwa sauti mbele ya mume wake. Kusomwa mbele ya mtu mmoja ni lazima, na zaidi ya mmoja hakuhitajiki. Siri iliyokaa miezi mingi haitoki kwa kusomewa kuta.

Marehemu halipwi, kwa hiyo fidia ililetwa kwa walio hai. Alichagua mwenyewe: saa mbili kila wiki anakaa na mgonjwa wa jirani ili anayemuuguza alale. Mshauri alimwekea kikomo cha miezi mitatu, kisha lifikiriwe upya. Fidia isiyo na mwisho inageuka adhabu.

Uamuzi si hisia

Ni mpaka hapa, kikao cha saba, ndipo neno "samehe" lilirudi mezani kuhusu mdogo wake. Kwa haraka ya watu wengi, huku ni kuchelewa sana. Lakini Suzanne Freedman na Robert Enright, katika utafiti wao wa 1996 na wanawake 12 walioumizwa utotoni na ndugu wa karibu, walichukua wastani wa miezi 14 na zaidi kidogo kwa kila mmoja. Mapitio ya Nathaniel Wade na wenzake ya 2014, yaliyokusanya tafiti 54, yalionyesha kwamba kadiri muda wa tiba unavyokuwa mrefu ndivyo msamaha unavyoongezeka. Kidonda cha mteja huyu ni kidogo kuliko vile vya wale wanawake 12. Vikao 12 vya dakika 50 vilitosha. Semina ya mchana mmoja isingetosha.

Everett Worthington hutenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Wa kwanza ni ahadi ya jinsi nitakavyomtendea mtu. Wa pili ni kubadilika kwa kile ninachokihisi, na huo hauna tarehe. Mteja aliandika uamuzi wake kwa sentensi tatu na kuweka tarehe: "Sitamsema kwa jamaa. Sitamlipiza. Sitangoja aniombe radhi ndipo nilale." Hakuandika "sina kinyongo", kwa sababu siku hiyo alikuwa nacho.

Faida ya kuandika hivyo ilionekana wiki iliyofuata. Aliona picha ya mdogo wake akicheka kwenye simu ya binamu yao, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Zamani angesema, "Kumbe sikusamehe." Safari hii alisoma sentensi tatu, akajiuliza kama amevunja mojawapo. Hakuwa amevunja. Hasira ilikaa jioni nzima, na ahadi ilikaa nayo.

Kiti cha pili

Kumwelewa aliyekukosea kunapaswa kuja baada ya deni kujulikana. Kukitangulia, kunageuka kumtetea. Wapo wanaoelewa kila mtu ili wasilazimike kukasirika.

Katika kikao cha nane viti viwili viliwekwa vikitazamana. Mteja aliongea akiwa kwenye chake, kisha akahamia cha pili ili aongee kama mdogo wake. Alichotoa mwanzoni kilikuwa sauti ya kuigiza, ya dharau, kichwa kimeinuliwa. Mshauri alimsimamisha: hiyo bado ni sauti yako wewe, umemvisha yeye. Zoezi hili huharibikia hapa kwa wengi. Dawa yake ni kuacha kuigiza na kurudi kwenye taarifa: unajua nini kwa hakika kuhusu wiki yake ile?

Alipigiwa simu akiwa kazini. Alisafiri usiku kucha. Alipofika, mama alikuwa ameshaondolewa, na kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Mteja alikaa kwenye kiti kile akipapasa magoti. "Nilikitandika mimi," alisema. Kisha, baada ya muda: "Hakumuaga."

Mwaka 1990 Baumeister na wenzake waliwaomba watu wasimulie kisa walichokosewa na kingine walichokosea wao. Mtu yuleyule, akiwa mkosewa, alisimulia tukio lisiloeleweka ambalo madhara yake bado yanaendelea. Akiwa mkosaji, alisimulia tukio lenye sababu na lililokwisha. Mdogo mtu huenda alitupa hatia yake mwenyewe ya kutokuwepo, ikamwangukia aliyekuwepo. Hiyo ni sababu. Haiwi udhuru, na mstari wa kwanza wa daftari haukufutwa kwa ajili yake.

Kuzungumza, au kutozungumza

Msamaha unaweza kukamilika bila mkosaji kujua. Mapatano hayawezi, yanahitaji wawili, na aliyekosea anapaswa kuonyesha kwamba anaaminika. Mteja alitaka kuzungumza, na mshauri alimruhusu kwa sharti moja: asiende kutangaza "nimekusamehe". Ukimwambia hivyo mtu ambaye hajioni amekosa, umemshtaki na kumhukumu kwa pumzi moja, halafu unangoja akushukuru. Ugomvi mpya mwingi huzaliwa hapo, na mpeleka msamaha huondoka akishangaa.

Aliandaa sentensi nne na kuzikariri: tukio, madhara, ombi, mpaka. "Siku ile ulisema mama angeangaliwa vizuri tungekuwa naye. Tangu hapo nashindwa kupokea simu zako. Naomba siku moja uniulize ile miaka mitatu ilikuwaje. Kwa sasa sitaki tujadili mama alivyotibiwa." Majibu mabaya yalifanyiwa mazoezi mapema: akikataa, akilia, akikasirika. Kwa kila moja jibu ni lilelile, "Nimekusikia, mdogo wangu. Nilitaka tu ujue," na simu inakatwa kabla ya dakika kumi na tano.

Mdogo mtu alisema, "Dada, bado una hayo tu?"

Mteja alijibu kama alivyojizoeza, akakata simu, akatetemeka, akatembea dakika kumi. Alikuja kikaoni akidhani zoezi limeshindikana. Lakini lililokuwa mikononi mwake, kusema kwa usahihi bila kushambulia, alikuwa amelifanya lote. Wiki tatu baadaye uliingia ujumbe: "Ulikuwa unalala saa ngapi siku zile?" Hakukuwa na radhi ndani yake. Mteja alijibu kwa maneno matatu: "Nilikuwa silali sana."

Kikao cha mwisho

Orodha ya sentensi 12 ilijazwa tena. Kukwepa kulishuka kutoka 31 hadi 17. Kisasi kilitoka 9 hadi 6, na chini ya 5 hakiwezi kushuka. Usingizi ulikuwa wa saa sita na zaidi kwa usiku mwingi. Picha ilikuwa bado kwenye droo, ila alikuwa ameitoa mara mbili na kuitazama. Simu za mdogo wake alikuwa akizipokea, si zote.

Alipewa maelekezo ya siku za kurudi nyuma, ambazo hakika zitakuja: kumbukumbu ya kifo, mkusanyiko wa kwanza wa familia, siku ambayo mtu mwingine atatamka neno linalofanana na lile. Asome sentensi zake tatu. Aandike dakika 20, mara moja tu. Asianze kuhesabu upya.

Sentensi moja kwenye orodha ilibaki juu, kwenye alama 4: ile inayosema mtu huyu simwamini. Mteja aliiangalia, akachukua kifutio, akauliza kama aipunguze ili karatasi ipendeze. Mshauri alimwambia aiache hivyo. Kumwamini mdogo wake kutategemea atakachofanya mdogo wake.